Waranti ya Ziada kwa Gari la Haibridi: Ulipie au Uache?

Bei imekubalika, mikono imeshapeanwa, na muuzaji wa yadi anatoa karatasi nyingine kwenye droo. Ongeza kidogo tu, anasema, na betri ya haibridi itakuwa chini ya waranti mwaka mzima. Wakati huo mawazo yako yote yako kwenye funguo. Umechoka kuzungushwa yadi hadi yadi, na neno "betri" umelisikia likitajwa kwa hofu na kila ndugu uliyemwomba ushauri. Wengi hutia saini hapo hapo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mnunuzi wa Aqua, Prius, Axio, Fit, Vezel au Note iliyotumika kutoka Japani, awe Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Mwanza. Msimamo wangu nauweka mbele ili uupime unavyosoma: usilipie waranti ya ziada kwa gari ambalo mfumo wake wa haibridi haujapimwa. Likishapimwa, utagundua kwamba karatasi nyingi za waranti zinazouzwa hazigusi kabisa vile vitu unavyoviogopa. Zipo chache zinazostahili fedha zako, na kazi yetu hapa ni kuzitambua.

KWA NINI HAIBRIDI INA SWALI LAKE

Haibridi ina kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye gari la kawaida, halafu ina mfumo mzima wa umeme mkubwa juu yake: betri kubwa (volti 144 kwenye Aqua, volti 201.6 kwenye Prius ya kizazi cha tatu), inveta, mota za umeme, na breki zinazoendeshwa kwa pampu na kompyuta. Mfumo huo ni imara kuliko mitaa inavyosema. Toyota imekuwa ikiuza Prius tangu Desemba 1997, na kule Marekani ilikuwa ikiidhamini betri ya haibridi kwa miaka 8 au maili 100,000. Kuanzia magari ya toleo la 2020 ikaongeza hadi miaka 10 au maili 150,000, yaani takriban kilomita 240,000. Kampuni isingeongeza ahadi kama hiyo kama betri zingekuwa zinaitia hasara.

Lakini angalia umri wa gari lako. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi huja yakiwa karibu na ukomo huo kwa sababu ndipo bei inaposhuka. Tanzania Bara haina katazo la namna hiyo, ila ushuru hupanda gari likizeeka, kwa hiyo si ajabu kukutana na Aqua yenye miaka 12. Maana yake, hata kwa kipimo cha mtengenezaji mwenyewe, unanunua gari ambalo betri yake imekaribia mwisho wa dhamana au imeshaupita.

Na waranti ya Japani haivuki bahari. Toyota kule hudhamini gari kwa jumla miaka 3 au kilomita 60,000, na sehemu kuu, pamoja na za haibridi, miaka 5 au kilomita 100,000. Dhamana hiyo huhudumiwa na mawakala wa huko. Gari likishapandishwa meli kama gari lililotumika, imebaki bandarini Yokohama. Kwa hiyo karatasi yoyote unayouziwa hapa ni ahadi mpya kabisa, ya mtu wa hapa, na thamani yake ni sawa na uwezo na nia ya mtu huyo kulipa siku ikifika.

NINI HUHARIBIKA HASA

Huwezi kujua kama waranti inakufaa bila kujua unakinga nini. Tuanze na chenye hofu kubwa.

Betri kubwa. Kwenye Aqua na Prius nyingi zilizoko barabarani kwetu ni ya nikeli, iliyopangwa kwa vipande vidogo vinavyofanana: 20 kwenye Aqua, 28 kwenye Prius ya kizazi cha tatu. Kila kimoja kina volti 7.2. Vimeungwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikidhoofika huvuta vyote chini, na kompyuta huwasha taa. Kinachoiua betri hii ni umri na joto. Hupoozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo huziba kwa vumbi, nywele na nyuzi za vitambaa, au mtu huweka mzigo mbele yake, na betri hupikika polepole bila dereva kujua. Kwa mji wenye joto kama Mombasa au wenye vumbi kama Dodoma, feni hiyo ni jambo la kwanza kuangaliwa, na ajabu ni kwamba mafundi wengi hawaigusi kabisa kwenye sevisi.

Betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, dashibodi huwaka taa nyingi kwa pamoja na gari hukataa kuingia kwenye hali ya READY (tayari kuondoka). Wapo watu walioambiwa wabadilishe betri kubwa kumbe ni hii. Waranti karibu zote huiacha nje, na si neno, kwa sababu bei yake inabebeka.

Inveta na pampu yake ya maji. Inveta ina maji yake ya kupooza, tofauti na ya injini, na pampu yake ya umeme. Pampu ikifa na dereva akaendelea kukanyaga mafuta, inveta yenyewe inaweza kuungua. Pampu ni matengenezo ya kawaida, ila inveta ni fedha nzito.

Breki. Kwenye Toyota za haibridi kuna kifaa kinachohifadhi shinikizo la breki kwa pampu ya umeme. Kikianza kuvuja kwa ndani, utaisikia pampu ikinguruma kila baada ya sekunde chache hata kama hujakanyaga breki. Hii ni hitilafu ya gharama kubwa inayohusu uhai wako, na ndiyo inayosahauliwa zaidi kwenye karatasi za waranti.

Sasa tofauti za modeli, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Prius ya 2009 hadi 2015, yenye injini ya lita 1.8, inajulikana kwa kuziba kwa mfumo unaorudisha moshi kwenye injini, na baadaye gasketi ya silinda kuungua. Dalili ni injini kutetemeka sana inapowaka asubuhi, na maji kupungua bila kuonekana yanakovuja. Hapa hatari iko kwenye injini kuliko kwenye betri.

Honda Fit ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2013, na Vezel ya haibridi iliyoifuata Desemba mwaka huo, zina giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili. Honda iliyarudisha magari ya mfumo huo kwa marekebisho mara 5 ndani ya takriban mwaka 1, hadi Oktoba 2014. Ukinunua la miaka hiyo, nambari ya chesisi itakuonyesha kwenye tovuti ya Honda Japani kama marekebisho yalifanyika. Kwa gari hili waranti isiyotaja klachi na kifaa kinachoziendesha haina kazi.

Nissan Note e-Power, iliyoanza Novemba 2016, ni kitu kingine kabisa. Injini yake ya petroli haiungwi na magurudumu, kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma gari. Betri yake ya lithiamu imekaa chini ya viti vya mbele. Hakuna giaboksi kama unayoijua.

Rudi sasa kwenye karatasi ya yadi. Mara nyingi imeandikwa "injini na giaboksi". Kwenye Toyota, giaboksi ya haibridi ni mpangilio wa gia usio na mkanda wala klachi, na ni nadra kukusumbua. Kwenye Note e-Power giaboksi hiyo haipo. Umeuziwa kinga ya kitu kisichokutisha, na vitu vinne vya kutisha (betri kubwa, inveta, mota, kifaa cha breki) vimeachwa nje bila neno lolote. Hili ndilo kosa namba moja, na halihitaji udanganyifu wowote kutoka kwa muuzaji. Karatasi ilitengenezwa kwa magari ya zamani na hakuna aliyeibadilisha.

HATUA YA KWANZA: PIMA KABLA YA KUZUNGUMZIA WARANTI

Kupima kunafanya kazi mbili. Kunakuambia kama gari linahitaji kinga, na kunaua kisingizio kitakachotumiwa kukukatalia baadaye, kwamba "hitilafu ilikuwepo kabla". Chukua fundi wa haibridi asiye na uhusiano na yadi, mwenye mashine ya kusoma mifumo yote na si injini peke yake.

1. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Injini ya baridi haifichi mtetemo wala moshi.

2. Soma makosa yaliyohifadhiwa kwenye mifumo yote. Kwenye Toyota, P0A80 inahusu betri kubwa iliyochoka, P0A93 upoozaji wa inveta, na C1391 kuvuja kwa shinikizo la breki.

3. Angalia umbali uliotembea tangu makosa yafutwe. Mashine nzuri huonyesha. Gari lenye kilomita 90,000 ambalo kumbukumbu yake ilifutwa kilomita 6 zilizopita lina jambo linalofichwa. Uliza ni nini, na usubiri jibu.

4. Liendeshe nusu saa, pamoja na mlima na foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, fundi akitazama volti za makundi ya betri. Kwenye Prius utaona makundi 14. Unatafuta kundi moja linaloanguka peke yake gari likibanwa, au kupanda peke yake likichajiwa. Kwa magari ya Toyota ipo pia programu ya simu iitwayo Dr. Prius, inayosoma hayo kupitia kifaa kidogo cha bluetooth.

5. Tazama alama ya chaji kwenye dashibodi. Betri dhaifu hujaa haraka na kuisha haraka, ikirukaruka juu na chini ndani ya dakika chache.

6. Simamisha gari likiwa kwenye READY, toa mguu kwenye breki, sikiliza pampu.

7. Fungua tundu la feni ya betri. Angalia pia kiwango cha maji ya inveta kwenye chupa yake.

8. Linganisha kilomita na karatasi ya mnada ya Japani pamoja na hati ya usafirishaji. Daraja la R au RA kwenye karatasi ya mnada maana yake gari liligongwa likatengenezwa.

Chapisha matokeo, yawe na tarehe, kilomita na nambari ya chesisi, fundi asaini na muuzaji asaini. Hapa kuna jambo la kisheria la kulijua: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31 Kenya, Sura ya 214 Tanzania) inamtaka muuzaji wa biashara auze kitu chenye ubora unaokubalika, lakini ukikagua, kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuionyesha haitamhesabikia. Kwa hiyo kasoro yoyote mliyoiona iandikwe, na muuzaji aandike kwamba ataitengeneza kabla hujalipa salio.

TAHADHARI: Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Usizishike, usifungue mfuniko wa betri, na usimruhusu fundi asiye na glavu za umeme afanye hivyo mbele yako kwa kuonyesha ujasiri.

HATUA YA PILI: JUA NANI ANAAHIDI

Ahadi hizi huja kwa sura tatu.

Ya yadi. Ni neno la muuzaji. Mara nyingi ni ya miezi michache na haina mfuko wowote nyuma yake, italipwa kutoka kwenye mauzo ya wiki hiyo. Ikiwa ni bure, ipokee. Ikiwa inauzwa, uliza yadi imekuwa hapo miaka mingapi na kama mwenye kiwanja ndiye mwenye biashara.

Ya gereji ya betri. Hii ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu anayeahidi ana vipuri na mikono ya kutengeneza. Ila uliza kwa undani: betri ikifa, mtaweka nini? Kubadilisha kipande kimoja kibovu ni dawa ya muda. Vipande vilivyobaki vina umri uleule, na hicho kilichoingizwa kimetoka betri nyingine, hakilingani na wenzake. Baada ya miezi kadhaa cha pili kinafuata. Ahadi inayofaa ni ya kubadilisha betri nzima, mpya au iliyopangwa upya kwa vipande vilivyopimwa na kulinganishwa, na iseme hivyo kwa maandishi.

Ya kampuni ya bima. Ikiwa muuzaji anasema "imebebwa na bima", omba jina la kampuni na nambari ya hati ya bima, kisha thibitisha kwa mamlaka ya bima, IRA nchini Kenya au TIRA nchini Tanzania. Usiichanganye na bima kubwa uliyonayo. Bima kubwa hulipa ajali, wizi na mara nyingi mafuriko, hailipi kuchakaa. Waranti huangalia kuharibika kwa ndani, haiangalii maji. Betri ya Aqua imekaa chini ya kiti cha nyuma, na gari lililoingia kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, au ya South C, Nairobi, si dai la waranti hata kidogo.

HATUA YA TATU: SOMA KARATASI UKIWA NA KALAMU

Omba karatasi uende nayo nyumbani. Akikataa kukupa usiku mmoja, umeshapata jibu lako. Jaza majibu ya maswali haya pembeni:

☐ Betri kubwa, inveta, mota na kifaa cha breki vimetajwa kwa majina? "Sehemu za haibridi" peke yake haitoshi.
☐ Kikomo cha fedha ni kiasi gani kwa dai moja, na kwa mwaka mzima?
☐ Wewe unachangia kiasi gani kwanza katika kila dai?
☐ Inaanza kufanya kazi lini? Baadhi hutaka siku 30 zipite kwanza.
☐ Kazi ya fundi imo, au ni vipuri tu?
☐ Gari likifia Kisumu na gereji yao iko Nairobi, nani analipa kulivuta?
☐ Ni lazima kufanya sevisi kwao? Kila kilomita ngapi, kwa bei gani?
☐ Inaruhusu gari la biashara?
☐ Ukiuza gari, mnunuzi wako anairithi?
☐ Ukivunja mkataba mapema, unarudishiwa sehemu ya fedha?

Swali la gari la biashara nalisisitiza. Maelfu ya haibridi za Nairobi na Dar es Salaam zimenunuliwa kwa ajili ya Uber na Bolt, kwa sababu ya kunywa mafuta kidogo. Karatasi nyingi huondoa gari la kubeba abiria kwa malipo, kwa mstari mmoja mdogo mwishoni. Dereva hulipa kila mwaka, siku ya dai wanaangalia kilomita, wanauliza kazi yake, na mazungumzo yanaishia hapo. Ikiwa ndiyo kazi yako, mwambie muuzaji na umtake aandike "inaruhusiwa kwa teksi za mtandaoni" kwa mkono wake na asaini kando.

HATUA YA NNE: PIGA HESABU

Piga simu gereji tatu za haibridi, uliza bei ya kubadilisha betri ya modeli yako, kazi ikiwemo. Usitegemee bei ya kusikia kijiweni. Halafu fanya hesabu kama hii. Tarakimu ni za mfano tu, weka zako:

Waranti ya miezi 12: shilingi 45,000.
Unachangia kwanza: shilingi 15,000.
Kikomo cha dai: shilingi 100,000.
Betri, kwa wastani wa gereji tatu: shilingi 120,000.

Betri ikifa, unatoa 15,000 za kwanza. Zinabaki 105,000, lakini wao wataishia kwenye 100,000, na 5,000 zinakurudia wewe. Ukijumlisha bei ya waranti, umetumia 65,000 badala ya 120,000. Umeokoa 55,000. Isipokufa, umepoteza 45,000.

Sasa gawa bei ya waranti kwa fedha ambazo wangelipa: 45,000 kwa 100,000, ni asilimia 45. Ili waranti hiyo isikutie hasara, magari 45 kati ya 100 yenye hali kama ya lako yangetakiwa kuharibikiwa ndani ya mwaka huo mmoja. Je, gari lililopita vipimo vyote vinane hapo juu lina hatari kubwa kiasi hicho? Sidhani. Lakini kama waranti hiyo hiyo ingeuzwa 12,000, asilimia ni 12, na kwa Aqua ya miaka 11 ya Mombasa mimi ningeifikiria kwa makini.

Mgawanyo huu mdogo una nguvu kuliko maneno yote ya muuzaji. Ufanye kwenye simu, mbele yake.

UAMUZI

Lipia ikiwa mambo haya yote yapo: gari limepimwa na liko sawa, vitu vile vinne vimetajwa, anayeahidi ana gereji au bima iliyothibitishwa, hesabu yako iko chini ya takriban asilimia 15, na gharama ya ghafla ingekulazimu kukopa au kusimamisha kazi. Sharti la mwisho ni zito. Dereva wa teksi ambaye gari likisimama wiki mbili watoto hawaendi shule ana sababu ya kulipia utulivu ambayo mwenye mshahara na akiba hana.

Acha ikiwa gari halikupita vipimo. Hapa wengi hukosea kwa kufikiri kinyume: betri imeonekana dhaifu, basi wananunua waranti. Hitilafu iliyokuwepo haitalipwa. Punguziwa bei ya gari kwa kiasi cha betri, au litafute jingine.

Acha pia ikiwa bei ya waranti imeingizwa kwenye mkopo wa gari bila kuandikwa peke yake. Utailipia riba hadi mwisho wa mkopo, pengine miaka miwili baada ya waranti yenyewe kuisha.

BADALA YAKE: MFUKO WA BETRI

Ukiacha, usiache mkono mtupu. Chukua fedha zile zile za waranti uziweke kwenye akaunti tofauti au M-Pesa ya kufungia, na uongeze kidogo kila mwezi hadi zifike bei ya betri uliyoambiwa. Fedha hizo hazina mstari mdogo wala siku 30 za kusubiri. Safisha tundu na feni ya betri kila sevisi, na mara mbili kwa mwaka kama unaishi penye vumbi. Badilisha maji ya inveta kwa aina anayotaka mtengenezaji. Usiliegeshe gari wiki kadhaa bila kuliwasha. Siku ya jua kali washa kiyoyozi, kwa sababu hewa hiyo unayoipumua ndiyo inayopooza betri.

KISANDUKU: KAMA UKO MAREKANI AU UINGEREZA
Kabla ya kulipia chochote, angalia dhamana ya mtengenezaji iliyobaki. Prius ya 2020 au baadaye iliyonunuliwa mpya Marekani inaweza bado kuwa na betri iliyodhaminiwa, na dhamana hiyo hufuata gari, si mtu. Ukinunua nyingine juu yake unalipia kitu unacho tayari. Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya 1975 inamkataza mtengenezaji kufuta dhamana yake eti kwa sababu sevisi ilifanyika gereji ya nje. Simu zinazodai "waranti ya gari lako inakaribia kuisha" zikate: Agosti 2023 Tume ya Mawasiliano, FCC, iliutoza mtandao mmoja wa simu hizo faini ya karibu dola milioni 300, kwa kupiga zaidi ya simu bilioni 5 ndani ya miezi 3 mwaka 2021. Uingereza, muulize wakala wa Toyota kuhusu ukaguzi wa kila mwaka wa haibridi unaoongeza muda wa dhamana ya betri. Kwa gari lenye umri mkubwa, hiyo ndiyo bei nzuri utakayoipata.

UKISHALIPIA: ILINDE, KISHA IDAI VIZURI

Waranti hufa kwa uzembe wa nyaraka kuliko kwa hitilafu. Weka risiti ya kila sevisi yenye tarehe na kilomita, iwe ya EFD Tanzania au eTIMS Kenya. Usimruhusu fundi mwingine kufungua betri, hata kwa "kuangalia tu". Kila baada ya miezi sita rudia kipimo cha betri na uhifadhi matokeo pamoja na yale ya kwanza.

Taa ikiwaka:

1. Simama mahali salama, piga picha ya dashibodi ikionyesha taa na kilomita. Usiendelee kuliendesha, maana kuendesha na taa ni sababu inayopendwa ya kukataa dai.
2. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa ujumbe wa maandishi. Simu pekee haiachi ushahidi.
3. Soma makosa kwa mashine kabla ya kulipeleka kwao, na usiyafute.
4. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha mkataba.
5. Wakishikilia, Kenya unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo kwa dai lisilozidi shilingi 1,000,000, na unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 pia inabatilisha kifungu chochote kinachojaribu kukuondolea haki zako za ubora wa bidhaa. Tanzania, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, au TIRA kama ahadi ni ya bima.
6. Wakikubali, piga picha ya namba ya betri ya zamani kabla haijatolewa na ya mpya baada ya kuwekwa. Dai waranti ya betri hiyo mpya iandikwe tarehe ya siku hiyo, kwa sababu wengine huihesabu tangu ulipolipa mara ya kwanza, na baada ya wiki mbili rudi kupima volti za makundi yote.